Wiki ya usomaji: wanafunzi 420, vitabu 310. Tupange vipi?

Chaki Nyeupe (mwenye swali)

Habari za kazi walimu. Nimepewa kuratibu wiki ya usomaji shuleni na zimebaki wiki sita. Hali halisi ni hii: darasa la kwanza hadi la tano, mikondo miwili kila darasa, wanafunzi 420, yaani 42 kwa mkondo. Vitabu vya hadithi vilivyo vizima ni 310 na havijawahi kupangwa kwa ngazi. Printa ya ofisi ipo, karatasi zipo, manila ni chache. Fungu la zawadi karibu halipo.

Rasimu iliyo mezani: Jumatatu ufunguzi na hotuba, Jumanne mashindano ya kusoma kwa sauti mbele ya shule nzima, Jumatano wageni waje kusoma, Alhamisi watoto wavae kama wahusika wa hadithi, Ijumaa zawadi. Ikosoeni bila huruma.

Yanayonisumbua zaidi ni manne. Vitabu 310 vinawatoshaje 420? Mashindano yabaki au yaondoke? Wageni waandaliwe vipi? Na wale wa la kwanza na la pili ambao bado hawajaweza kusoma wenyewe, washiriki vipi bila kuaibika?

---

Rafu ya Tatu

Mwalimu, chukua hiyo rasimu na kalamu nyekundu. Pembeni ya kila tukio andika dakika ambazo mtoto wa kawaida atakuwa na maandishi mbele ya macho yake. Jumatatu, sifuri. Jumanne, watoto kumi watasoma dakika tatu tatu na 410 watasimama kuwasikiliza. Sauti ya mtoto wa miaka tisa haifiki mstari wa nne, kwa hiyo hata kusikiliza hawatasikiliza. Jumatano, labda robo saa ya kusomewa, na hiyo ina faida. Alhamisi sifuri, Ijumaa sifuri. Wiki nzima ya usomaji na mtoto hajafungua kitabu.

Nguzo iwe kipindi cha kusoma kimya, kila siku, saa ileile, shule nzima kwa awamu. Kengele inapigwa na kila mtu anasoma: mwalimu mkuu, karani, mpishi, mlinzi. Mwalimu anayesahihisha madaftari wakati huo amewaambia watoto kwamba kusoma ni adhabu yao peke yao. Dakika zitofautiane: la kwanza 8, la pili 10, la tatu 12 hadi 15, la nne na la tano 20. Ukiwapa la kwanza dakika 20 siku ya kwanza, ukifika ya kumi chumba kimegeuka soko.

Kinachokivuruga kipindi hiki mara nyingi ni kubadilisha vitabu. Mtoto anafungua, anaona picha mbili, anarudi kwenye sanduku, na nyuma yake wanasimama sita. Dawa yake: kila mtoto achague vitabu viwili kabla ya kengele, kimoja anachosoma na kimoja cha akiba chini ya dawati. Kengele ikishalia, sanduku limefungwa.

Sasa hesabu ya vitabu. Usigawe 310 kwa mikondo 10, utapata 31 kwa watoto 42 na utakata tamaa bure. Vipange kwanza kwa ngazi, marundo matatu:

1. Sentensi moja au mbili kwa ukurasa, picha kubwa.
2. Aya fupi, picha karibu kila ukurasa.
3. Sura, picha chache au hakuna.

Walimu watatu wanamaliza 310 kwa alasiri mbili. Bandika alama ya rangi juu ya mgongo wa kitabu, siyo ndani, ili kitambulike kikiwa sandukuni. Tuseme umepata 90, 130 na 90. La nne na la tano ni watoto 168 wanaotazama rundo la tatu lenye 90. Wakisoma pamoja, haiwezekani. La nne wakisoma asubuhi na la tano mchana, kila awamu ni watoto 84 kwa vitabu 90, na wanaopenda vifupi wanaongezewa kutoka rundo la pili. La tatu wanabaki na rundo la pili. La kwanza na la pili wasome wawili wawili kwa kitabu kimoja: jozi 84, vitabu 90. Vinatosha kwa idadi ila si kwa kuchagua, na mtoto asiye na cha kuchagua huchoka siku ya pili. Hapo ndipo vijitabu vya kuchapa vinapokuja.

Kwa vijitabu, tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili zenye leseni huria. Unapakua, unachapa, unagawa kihalali mradi ukurasa wenye jina la mwandishi, mchoraji na leseni usiuondoe. Kudurufu kitabu kizima cha dukani ni kuvunja hakimiliki, hata kama kusudi ni jema. Chagua hadithi nane, nakala tano kila moja. Kijitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi 4 za A4 zilizochapwa pande mbili, hivyo vijitabu 40 ni karatasi 160. Chapa kwa wino mweusi tu, rangi zitamaliza wino wa ofisi kabla ya hadithi ya tatu.

Kila mkondo uwe na sanduku lake na orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Kiranja anahesabu mwisho wa kipindi, sio mwisho wa wiki. Kitabu kilichopotea leo kinapatikana leo, kwa sababu kiko kwenye begi la mtu ambaye hakukimaliza. Huyo muandikie azimo, usimwite mwizi.

---

Mama Abjadi

Naongeza kuhusu kuchagua kitabu, kwa sababu kuna kanuni inayonukuliwa sana na wengi huitumia vibaya kwa Kiswahili: vidole vitano. Mtoto anafungua ukurasa wa katikati na kukunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Hakuna au kimoja, kitabu ni chepesi. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne, asome na mwenzake. Vitano, kirudi sandukuni kwa sasa.

Tatizo ni kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishaziweza silabi, anautamka ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja, vidole vyote vimesimama, halafu ukimuuliza nani alipotea msituni anakutazama tu. Kwa hiyo kidole kikunjwe kwa neno asilolijua maana, siyo neno lililomkwaza ulimi. Na mwisho wa ukurasa ajibu kwa maneno yake: nani, amefanya nini, kwa nini. Akishindwa yote matatu, kitabu si chake hata kama amekisoma kama maji.

Hii ndiyo sababu pia nayapinga mashindano ya kusoma kwa sauti yanayopimwa kwa kasi. Yanamtuza anayetamka upesi.

Kwa wasioweza bado kusoma wenyewe, njia ni tatu, na zote hazimtoi mtoto mbele ya watu.

Ya kwanza, vitabu vya picha bila maneno. Mtoto anasimulia kwa kufuata picha, anajifunza kufungua kutoka kushoto, anajifunza kwamba ukurasa unaofuata unatokana na uliopita. Vichache vinatosha, vitano kwa mkondo. Wakivisoma hata wanaojua kusoma, hakuna atakayejua nani amekichagua kwa kushindwa.

Ya pili, kusoma pamoja. Andika hadithi ya sentensi sita hadi nane kwenye karatasi kubwa, herufi zenye urefu wa sentimita 4 angalau ili aliye nyuma azione. Mwalimu anafuatisha kwa fimbo chini ya neno, akisoma kwa mwendo wa kuzungumza. Mara ya kwanza anasoma peke yake, ya pili darasa linaitikia sentensi inayojirudia, ya tatu wote. Kosa la kawaida ni fimbo kutangulia sauti au kubaki nyuma; mtoto anaangalia "ndege" huku anasikia "akaruka", na zoezi linakuwa la kukariri.

Ya tatu ni wakubwa kusoma na wadogo, la tano na la kwanza. Hapa maandalizi ndiyo kila kitu:

- Mkubwa apewe kitabu siku tatu kabla na akisome kwa sauti mara mbili. Asiyejiandaa ataaibika mbele ya mdogo, na hatarudi kwa hiari.
- Wakae ubavu kwa ubavu, kitabu katikati, mdogo ndiye anayefungua kurasa. Wakikaa ana kwa ana, mmoja anasoma herufi zilizopinduka.
- Mdogo akikwama, mkubwa ahesabu moyoni hadi tano, kisha amwambie neno na waendelee. Asimlazimishe kuunga silabi hadi hadithi ife.
- Wafundishe wakubwa maswali mawili tu: "Unadhani nini kitatokea?" kabla ya kufungua ukurasa, na "Umependa wapi?" mwishoni.

Jozi 84 ndani ya ukumbi mmoja ni kelele ambayo hakuna hadithi itakayoipenya. Badilishaneni nusu: watoto 21 wa 5A waende chumba cha 1A, na 21 wa 1A waende chumba cha 5A. Vivyo hivyo kwa mkondo wa B. Kila chumba kinabaki na jozi 21 na idadi ya madawati haibadiliki. Dakika 20 za kusoma, tano za kuhama kila upande. Utoro ukivunja jozi, tengeneza utatu wenye wadogo wawili na mkubwa mmoja, kamwe si wakubwa wawili kwa mdogo mmoja, maana watazungumza wao kwa wao.

---

Kengele ya Nne

Mimi nitatofautiana kidogo. Bila ushindani na zawadi watoto wengi hawachangamki, na wazazi hawaioni hiyo wiki. Tusijifanye malaika. Shule nyingi zinahesabu vitabu: atakayesoma vingi anapewa daftari na kalamu. Ni rahisi, na inaonekana.

---

Rafu ya Tatu

@Kengele ya Nne, kuchangamka nakubali. Kuhesabu vitabu nakataa, na sababu ni ya kiutendaji tu. Ukihesabu vitabu, mtoto mwerevu atachagua vyembamba. Ukihesabu kurasa, atachagua vyenye picha. Ukidai muhtasari ili kuthibitisha, watanakili kutoka kwa mwenzao au nyuma ya jalada. Na kufikia Jumanne jioni darasa zima linajua nani atashinda, wale wengine wameshaacha.

Hesabu dakika, na uhesabu kwa darasa. Dakika 12 za mtoto anayesoma polepole ni sawa na dakika 12 za anayesoma mbio. Njia inayoonekana na isiyo na gharama ni mnyororo wa karatasi. Kila mtoto akimaliza kipindi cha siku anaandika kwenye kipande jina lake, jina la kitabu na neno moja alilolipenda, kisha anakiunga kwenye mnyororo wa darasa.

Vipimo: kata A4 kwa upana wake, vipande vya sentimita 3 kwa 21, unapata 9 kwa karatasi. Watoto 420 kwa siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, ni pete 1,680, karatasi 187. Tumia karatasi za mitihani ya zamani zilizoandikwa upande mmoja. Panga karatasi kumi, rula ya chuma, wembe wa kukatia, unatoa vipande 90 kwa mkupuo mmoja. Ukikata kwa mkasi mmoja mmoja utakesha. Unga kwa stepla, usitumie gundi: gundi ya maji inahitaji kushikiliwa hadi ishike, na mtoto wa la pili hana subira hiyo. Pini 1,680 ni pakiti mbili za 1,000. Kila mkondo utapata mnyororo wa karibu mita 10, na Ijumaa mikondo yote ikiungwa ni karibu mita 100, inazunguka jengo. Mzazi akiuona huo hahitaji hotuba.

Zawadi? Mkondo uliotimiza lengo lake uchague wa kwanza masanduku ya wiki inayofuata. Lengo ni la kila mkondo peke yake, hivyo yote kumi yanaweza kushinda. Zamu ya kuchagua ikigongana, pigeni kura.

Ukitaka kabisa kusoma kwa sauti jukwaani, fanya igizo la kusoma: watoto watano wanagawana sauti za hadithi moja, msimulizi na wahusika wanne, kila mmoja ana karatasi mkononi, hakuna kukariri. Wakisoma, wameirudia hadithi mara sita au saba katika mazoezi bila kulalamika. Mazoezi hayo ndiyo faida yenyewe, siyo ile siku ya jukwaa.

---

Mkutubi Mzunguko

Wageni. Haya ndiyo huharibika kuliko yote, na karibu kila mara ni kwa sababu mgeni aliambiwa tu "njoo usomee watoto".

Mikondo kumi, wageni kumi na akiba wawili. Mgeni mmoja kwa shule nzima uwanjani ni hotuba, haijalishi ameshika nini mkononi. Wasiwe wakubwa wa eneo peke yao. Fundi, muuguzi, dereva, bibi mwenye sauti nzuri, hao ndio watoto wanawaona wakisoma kwa mara ya kwanza.

Kitabu uchague wewe, mpelekee siku tano kabla, na umwambie akisome mara mbili nyumbani. Pamoja na karatasi ya nusu ukurasa: fika dakika 15 kabla, soma dakika 10 hadi 12, zungumza dakika 3 kuhusu kinachosomwa kazini kwako, hakuna mawaidha, hakuna "enzi zetu". Mwalimu wa darasa abaki chumbani muda wote. Asiende kunywa chai. Hilo ni la usalama wa watoto na pia la nidhamu, maana mgeni hajui majina.

Urefu wa hadithi: mtu akisoma kwa utulivu na kuonyesha picha anakwenda maneno kama 100 hadi 120 kwa dakika. Hadithi ya maneno 900 ni dakika 8 au 9, ongeza picha na maswali, umefika 12. Hadithi ya maneno 2,000 usimpe mgeni, ataanza kuruka kurasa na watoto watamkamata.

Picha kwa watoto 42 ni shida ya kweli. Kitabu cha ukubwa wa nusu A4 mtu wa safu ya tatu haoni kitu, anaanza kusukuma, anayesukumwa analalamika, na hadithi imekwisha. Sogeza madawati nyuma, watoto wakae chini nusu duara, wafupi mbele, safu ya mwisho kwenye viti. Msomaji akae kwenye kiti kifupi, asisimame. Asome ukurasa kwanza kitabu kikiwa kinamtazama yeye, halafu akigeuze na kukipitisha polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kimya, kwa hesabu ya tano. Anayesoma huku kitabu kimewageukia watoto husoma kwa kupinda shingo, sauti inaelekea ukutani. Kama kitabu ni kidogo sana, gawa darasa: 21 wanasomewa, 21 wanachora tukio walilolipenda katika kitabu cha jana, kisha wanabadilishana. Mgeni anasoma mara mbili. Mara ya pili huwa nzuri zaidi.

Mgeni asipotokea, mtoto asijue. Mwalimu ana nakala ya kitabu hichohicho mezani na anaanza kwa wakati.

---

Chaki Nyeupe

Nashukuru sana, nimefuta Jumanne na nusu ya Jumatatu. Mavazi ya wahusika je? Wazazi wengine wameshauliza na nahofia watakaoshindwa kununua. Na kuna aliyependekeza watoto walete vitabu vya nyumbani wabadilishane, ni wazo zuri au balaa?

---

Mama Abjadi

Mavazi yatengenezewe shuleni, kwa kipimo kimoja, kwa wote. Utepe wa kichwa unatosha. Manila ya sentimita 60 kwa 84 ukiikata vipande vya upana wa sentimita 6 kufuata upande mfupi, unapata 14 vyenye urefu wa 60. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kama sentimita 50 hadi 54, kwa hiyo kuna nafasi ya kupishanisha. Manila tatu zinamaliza mkondo wa 42, na hata robo ya siku ya shule haipotei. Mbele ya utepe anabandika kipande cha karatasi alichochora alama ya mhusika: masikio, taji, jembe, chochote. Stepla ifungwe miguu ya pini ikitazama nje, na juu yake gundi ya karatasi, la sivyo utatoa nywele kwenye pini mchana kutwa.

Nyuma ya utepe aandike sentensi tatu: mimi ni nani, nataka nini, kinanizuia nini. Wenzake wanauliza maswali ya ndiyo na hapana hadi wamtambue. Hapo vazi limekuwa kazi ya kusoma. Na waraka kwa wazazi useme wazi kabisa, kwa herufi nzito, kwamba hakuna vazi linalonunuliwa wala kuletwa. Usiandike "si lazima". Mzazi akisoma "si lazima" anaelewa kwamba wengine wataleta.

---

Mkutubi Mzunguko

Kubadilishana vitabu ni zuri na ni balaa, inategemea mlango wa kuingilia. Pokea vitabu wiki nzima kabla, siyo siku yenyewe. Kila kitabu kikaguliwe: kina muhuri wa shule au maktaba? Rudisha. Ni cha kiada? Rudisha, mwenzake atakitafuta. Kimeandikwa jina la kaka au dada? Uliza nyumbani kwanza. Kilichopita, mtoto anapewa tiketi.

Asiye na kitabu nyumbani anapewa tiketi ileile, rangi ileile, kwa kufanya kazi ndogo kama kubandika alama za rangi au kupanga sanduku. Ndiyo maana unahitaji akiba, kama kitabu kimoja kwa kila vitano vilivyoletwa. Vile vijitabu vya kuchapa vinafaa kabisa hapa. Siku yenyewe ingiza watoto 15 kwa wakati, dakika 7 kila kundi, vitabu vimelazwa mezani majalada juu. Wa mwisho kuingia huwa wanakuta makombo, kwa hiyo theluthi moja ya vitabu ifiche na uiongeze kila baada ya makundi kadhaa.

Kwa 420 ni makundi 28, zaidi ya saa tatu. Kwa mwaka wa kwanza fanya la nne na la tano tu: makundi 12, saa moja na nusu.

---

Kengele ya Nne

Haya, mnyororo nimeukubali. Tarehe je? Kuna siku za kimataifa: 2 Aprili ya vitabu vya watoto, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, 23 Aprili ya vitabu na hakimiliki, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, na 8 Septemba ya kisomo, inayoadhimishwa tangu 1967. Si bora kuoanisha?

---

Rafu ya Tatu

Ikiangukia vizuri, oanisha, inasaidia kupata wageni. Lakini kalenda ya shule ndiyo inayoamua. Usiweke wiki mbili kabla ya mitihani, walimu watakula vile vipindi vya kusoma kimya kimyakimya. Usiweke wiki ya kwanza ya muhula, orodha za madarasa hazijatulia. Wiki ya tatu hadi ya tano ni nzuri.

Wiki sita zako mwalimu: ya kwanza kupanga vitabu kwa ngazi, ya pili wageni na waraka, ya tatu na ya nne kuchapa vijitabu na kukata vipande, ya tano la tano waanze mazoezi na masanduku yaingie madarasani kabla ya wiki yenyewe, ili purukushani ya "nataka kile" iishe mapema. Ya sita ipumzike, kwa sababu kitu kimoja kitakuwa kimechelewa.

Na hesabu maazimo wiki mbili kabla na wiki mbili baada. Si mtihani, ni kuhesabu tu mistari kwenye daftari la kuazima. Namba ya pili ikirudi kuwa kama ya kwanza, masanduku yamefungiwa kabatini tena.

---

Chaki Nyeupe

Nimejaribu kuchapa kijitabu kimoja leo. Kurasa za upande wa pili zimetoka kichwa chini, na stepla haifiki katikati. Nimekosea wapi?

---

Mkutubi Mzunguko

Kichwa chini: kwenye mpangilio wa printa umechagua kugeuza karatasi kwa upande mrefu. Kijitabu kinachokunjwa katikati kigeuzwe kwa upande mfupi. Pia hakikisha idadi ya kurasa inagawanyika kwa 4. Hadithi ya kurasa 14 ongeza mbili, moja ya "Kitabu hiki ni cha…" na moja tupu ya kuchora. Printa isiyochapa pande mbili yenyewe, chapa upande mmoja wa kijitabu kimoja tu kwanza, weka kalamu alama kwenye kona, ujue karatasi zirudishwe zikitazama wapi. Ukibahatisha na nakala tano kwa mpigo, umepoteza karatasi 20.

Stepla: mkunjo uko karibu sentimita 15 kutoka ukingoni na mkono wa stepla ya kawaida haufiki hapo. Ifungue kabisa kama panga, laza kijitabu kikiwa wazi, jalada juu, kwenye kipande cha kadibodi laini au kandambili kuukuu, bonyeza pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, kila moja sentimita 5 kutoka mwisho. Inua taratibu, zikunje kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Vikundi vya karatasi zaidi ya 6 pini haipenyi sawasawa, hapo toboa matundu matatu kwa sindano nene na ushone kwa uzi: ingia tundu la katikati kutokea ndani, toka la juu, ruka hadi la chini, rudi katikati, funga fundo ndani. Kunja kila karatasi peke yake kwanza kabla ya kuzipanga pamoja, ukizikunja zote kwa mara moja mkunjo hautakaa sawa na kijitabu hakitalala.